Mgongo wa Bwana Dalgarno

Wakesho,

Mama yako ameshakupakia koti, soksi za sufu, dawa ya kikohozi, unga, na pilipili ya kusaga aliyoifunga nailoni juu ya nailoni ili mbwa wa uwanja wa ndege wasipige chafya. Kwa hiyo kuhusu baridi mimi sina la kukuambia. Sijawahi kukaa mahali pa baridi kupita Ronge, na huko dawa yetu ilikuwa kuota moto na kusema uongo. Kula vizuri, omba Mungu, chunga wanaume: hayo pia ameshayasema, na hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi.

Naandika mchana huu kwa sababu umeenda Mahoo kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi mapema. Yule hamwachii mgeni mpaka amalize mkungu wa ndizi. Nimefunga kibanda, nimekaa kwenye benchi langu katikati ya matairi ya baiskeli, na kila anayepita anauliza kama nimekufa. Nawajibu bado kidogo, naandika. Wanacheka. Mtu aliyeishia darasa la tano akishika kalamu mchana kutwa, lazima kuna kesi.

Na kesi ipo. Nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako. Isome leo ukirudi, usingoje ndege. Kesho asubuhi, kabla hujatoka kwenda steshoni, kuna kitu nataka kukufanyia pale mlangoni, na ukinikuta nimejaza maji mdomoni bila kujua sababu, utadhani mzee amepatwa na kiharusi, mama yako aanze kupiga nduru, treni ikuache.

Jumapili ulitusomea simu. Tulikuwa uani, mama yako anachambua mchicha, mimi nimevua viatu. Ukasema jina letu ni adimu, kwamba hata huko Skotlandi kwenyewe ukiita Dalgarno sokoni watu watageuka waone umemwita nani. Ukasoma kuwa lilitokana na kijiji kimoja cha kusini, Dalgarnock, kando ya mto. Kilikuwa na kanisa na soko, kikapungua, kikapungua, mpaka nyumba zikaisha na yakabaki makaburi kwenye nyasi. Wenye jina walishahama zamani, na hao wachache waliopo leo, wengi wao wako kaskazini mashariki, upande wa Aberdeen, mji huohuo unakokwenda wewe kulea wazee. Hapo ukasimama na simu mkononi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Ukasema, "Baba, si ndio sisi hao. Nikifika tu nawatafuta watu wetu."

Ukaongeza kwamba huko kuna kichupa, mtu anatema mate ndani, anakipeleka posta, anajibiwa ndugu zake ni akina nani na wako wapi. Utatema, ukasema. Mama yako akanitazama. Mimi nikaanza kutafuta kiatu cha pili kama mtu aliyechelewa kazini, siku ya Jumapili.

Sasa nitakujibu.

Ile hadithi ya kasri ni yangu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hulali, mama yako amechoka, nami nikakuambia kwamba sisi akina Dalgarno tuna kasri Skotlandi, lina vyumba vingi hata mbuzi wana kitanda, na kuna babu mwenye ndevu nyekundu anayepuliza ngozi yenye filimbi mpaka ng'ombe wanatoa maziwa yenye majani ya chai tayari. Ulikuwa unauliza, mbuzi wanalala na blanketi? Nakujibu, wawili wawili. Unalala. Nilidhani uliitupa hadithi hiyo pamoja na zile za sungura. Kumbe sungura ulimtupa, kasri ukaliweka.

Wakesho, hatuna kasri. Hatuna damu huko, hata ya kujaza kijiko. Tuna jina tu, na jina hilo lilipatikana barabarani, kwenye matope, siku niliyozaliwa. Nilikuwepo, lakini nilikuwa na shughuli zangu, kwa hiyo nakupa kama alivyonipa nyanya yangu, ambaye hakuwa na ufundi wa kutia chumvi.

Baba yangu, Mwakio, alikuwa mpaka grisi, mtu wa kupaka mashine mafuta, kwenye kiwanda cha katani huko chini. Bwana Dalgarno alikuwa fundi mkuu wa mashine. Mzungu mwembamba, kimya, hana mke, hana mtoto, hana hata mbwa. Mama akashikwa na uchungu kule Ronge, msimu wa mvua, na mtoto, yaani mimi, akakataa kutoka. Wanaume wakambeba kwa machela kumteremsha, nyanya akiwafuata. Baba akatangulia mbio mpaka kiwandani kuomba gari. Mzungu alikuwa mezani. Aliacha sahani, akachukua Landrova, wakaja wakaikuta machela njiani, wakawapakia mama na nyanya nyuma, juu ya magunia, wabebaji wakadandia, wakageuza.

Hawakufika. Kuna korongo ambapo maji yalikuwa yameshakula barabara, gari likakaa hapo. Turubai ya nyuma ilikuwa imechanika, mvua inaingia kwa juu na kwa mlangoni, inasukumwa na upepo. Baba na wale wabebaji wakawa chini ya magurudumu na matawi na majembe. Yule mzungu akavua koti lake akalitandika juu ya pale palipochanika. Kisha akaenda nyuma, akasimama kwenye uwazi wa mlango, akawapa wanawake mgongo, akatanua mikono akashika huku na huku. Akajifanya mlango. Mvua yote iliyokuwa inakuja kwa mama ikaishia kwake.

Nyanya alisema alisimama hivyo muda mrefu sana, shati limegandamana na mgongo mpaka mifupa inahesabika, na hakugeuza kichwa hata mara moja. Aliuliza neno moja tu, kwa Kiswahili chake cha kiwandani: "Kazi tayari?" Nyanya akamjibu, "Bado. Simama." Akasimama. Nyanya alipenda kusema kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza milima hii yote kumwamrisha mzungu na kutiiwa.

Nikalia ndipo akageuka.

Kwetu mtoto hupewa jina la mkubwa wa ukoo, unajua, au la jambo lililotokea akizaliwa. Ndiyo maana tuna akina Mvua na akina Njaa. Nyanya akasema huyu ataitwa kwa aliyenyeshewa. Baba akakubali palepale. Wakati wa ubatizo padre aliuliza hilo ni jina la mtakatifu gani, nyanya akamwambia huyu ndiye atakuwa wa kwanza. Nimejitahidi kumwangusha tangu siku hiyo.

Baba alipomwambia Bwana Dalgarno kwamba mtoto ameitwa kwa jina lake, alisema mzungu alivua kofia akaishika kifuani kama mtu aliyepewa pole ya msiba. Akamuuliza mara mbili kama ni kweli. Ndipo akamweleza kwamba kwao jina hilo limebaki kwa watu wachache, na kwamba mahali lilipotoka hakuna tena nyumba, kuna makaburi. Unaona? Simu yako ilikuwa kweli. Baba yangu aliyajua hayo akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, kabla simu yako haijazaliwa. Kesho yake mzungu akamletea mama blanketi lenye miraba myekundu na ya kijani. Sikuwa nimeanza kutembea alipoondoka nchini, na hatukumsikia tena.

Hiyo ndiyo hadithi nzima. Mimi naona ni nzuri kuliko kasri. Lakini watu hawataki hadithi nzima, wanataka ile ya pembeni. Mke wa mpaka grisi, mzungu asiye na mke, mtoto mwenye jina la mzungu na blanketi la mzungu, tena mtoto mwenyewe mweupe kidogo, kama vile Ronge hakuna watu weupe wengi tu ambao babu zao hawakuwahi kuona Landrova. Nilipoanza shule nilikuwa nimeshaitwa Chotara, Katani, Bwana Mdogo. Mama alikuwa akienda kisimani, wanawake wanauliza mume wake mkubwa hajambo.

Baba hakuwahi kujibu. Aliniita jina langu lote, kwa sauti, mbele za watu, kila siku, kama mtu anayepigilia msumari. Mama naye hakujibu. Alijifunika lile blanketi akaenda nalo kanisani.

Mimi nilijibu. Nilijifunza mapema kwamba ukiwahi kucheka wewe, mwenye kukurushia jiwe anabaki na mkono hewani. Wakiniita Bwana Mdogo, nawaamrisha wanisalimie. Wakisema baba yako yuko Ulaya, nasema ndiyo, na amewatumia salamu wote isipokuwa wewe. Nikawa maarufu. Nikaitwa kwenye kila ngoma. Nilifikiri nimepata ngao, Wakesho, na ilikuwa ngao kweli, ya upande mmoja. Sikuangalia ni nani aliyesimama nyuma yangu, anayepigwa na yale yote yaliyonipita.

Baba alipofariki, ndugu zake walikaa kugawa shamba la Ronge. Nilikuwa kijana, naringa, suruali ya mchinjo. Wazee wameketi, chai inapita, wanawake wako upande wa ukuta, na mama kati yao na leso yake ya msiba. Zamu yangu ilipofika, baba mdogo Mghanga akatazama juu akasema, kwa upole kabisa, kwamba mwenye jina la watu akadai kwa watu.

Kila mtu pale alikuwa ananingoja mimi, na jibu lilikuwa fupi: mimi ni mtoto wa Mwakio. Maneno matano, mtoto wa chekechea anayaweza. Mama alikuwa ameinua uso.

Nikasema, "Ni kweli, baba mdogo. Mimi nina kasri Skotlandi. Mbuzi wangu huko wanalala kitandani. Bakini tu na haka kashamba kenu, msije mkakosa pa kuzikwa."

Ah, walicheka. Mzee mmoja alipaliwa na chai ikabidi apigwe mgongoni. Hata Mghanga alicheka. Nami nilisimama pale nikisikia utamu wa kucheka kwao, mpaka yule mzee alipopata pumzi, akafuta macho akasema, "Basi. Amesema mwenyewe."

Ndivyo shamba lilivyokwenda. Lakini si shamba ninalokuandikia. Niligeuka nikamwona mama anafunga leso yake upya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa safari. Hakuna aliyekuwa na haja tena ya kumsengenya kisimani. Mwanawe alikuwa amekiri kwa niaba yake, mbele ya wazee, akiwa amesimama wima na chai mkononi.

Tulishuka pamoja kwenye kile kinjia cha kuteremkia Mwatate. Yeye mbele, mimi nyuma. Pale kwenye jiwe kubwa akasimama, hakugeuka. Nilikuwa naona mgongo wake tu. Akaniuliza, "Na wewe unaamini?"

Swali la ndiyo au hapana. Nikamwambia, "Mama, ningekuwa mzungu ningetembea kwa miguu hivi?"

Akaendelea kutembea.

Hakuniuliza tena maisha yake yote. Hakuninunia pia, na ungejua, hilo ni vibaya zaidi. Alinipikia, alinifulia, alikuja Voi nilipoanza kibanda hiki, alimpenda mama yako kuliko alivyonipenda mimi, jambo ambalo halikuwa gumu. Lakini jina langu hakulitaja tena. Aliniita "wewe." Na lile blanketi alilikata vipande vya kushikia sufuria. Usitafute kipande cha kubeba, vyote viliungua, na kimoja nilikiunguza mimi nikichemsha gundi.

Nami nikaendelea na kasri. Mtu akishauza shamba zima kwa kichekesho kimoja, anajiona mjinga akikiacha. Nikakisema kwa madereva wa malori ya Taveta, nikakisema kwenye harusi yangu, nikakisema kwa ndugu zako, nikakisema kwako. Uongo ukiwa na umri wa kutosha unaanza kuamkiwa shikamoo.

Miaka ya mwisho mama alilala kwenye chumba chako. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Siku moja akaomba maji, nikamletea kwenye bilauri, nikamwinua. Akapiga funda, hakumeza. Akanivuta kola. Nikadhani anataka kutapika, nikajiweka tayari. Akanipulizia uso mzima.

Wewe ni mtoto wa mjini, labda umelisikia tu neno kutasa, au umemsikia mchungaji akilikemea. Wazee wetu walisema hasira ya mzazi ni kitu chenye miguu. Hata kama mzazi mwenyewe hajui anayo, hata akikuombea heri kila siku, ile hasira iliyolala chini ya moyo inaweza kuamka ikakufuata ulipo, ikakufunga njia, ikakuletea ugonjwa. Kwa hiyo kabla ya jambo kubwa, safari, ndoa, kifo, mzazi anapiga funda la maji au la pombe ya miwa, anaitafuta ile hasira, anaitaja, kisha anaipuliza nje. Na ukiitaja kwa uongo, haitoki. Hilo ndilo gumu lake. Si maji.

Mama akapuliza, akasema kwa Kidawida chetu, na Kiswahili chake ni hiki: "Kama nina hasira na huyu mtoto wa Mwakio, itoke. Ipoe kama maji haya."

Mtoto wa Mwakio. Yeye ndiye aliyesema yale maneno niliyoshindwa kuyasema mimi. Na kumbe hasira alikuwa nayo, miaka yote hiyo ya uji na nguo safi, aliitembeza ndani yake kama mtu anayebeba kaa la moto kwenye kiganja ili asichome nyumba ya mwenzake.

Ungefikiri hapo basi ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamwambia, "Mama, umenilowesha shati." Akacheka. Alicheka kweli, meno yote mawili. Nashukuru kwa kicheko hicho, usiniondolee. Lakini alikuwa amelipia jibu na mimi nikampa kichekesho tena, na hakukaa sana baada ya hapo.

Ulipozaliwa, mama yako alitaka jina la kwao. Nikakataa, na wewe unajua mimi kwa mama yako sikatai mambo mengi. Nikakupa jina la mama yangu. Wakesho Dalgarno. Watu wanasema yule aliyeshtakiwa na yule aliyesingiziwa, nimewaweka mstari mmoja kwa ukaidi. Sivyo. Nilitaka waitwe pamoja kwa heshima, darasani, kanisani, hospitalini, kama walivyokuwa siku ile: mwanamke anayezaa na mtu aliyempa mgongo ili azae.

Kwa hiyo sikiliza. Huko wanasema jina linakwisha. Waambie waje Voi. Kila mwanangu wa kiume amempa mtoto wake jina langu kama desturi inavyotaka, na watoto wa hao nao watafanya vivyo hivyo. Krismasi ukisimama uani ukaita Dalgarno mara moja, wanatokea kama kuku waliosikia mahindi. Kanisani tunajaza benchi, na wa mbele huwa amelala. Kuna hoteli ya maharagwe kule stendi, kuna timu ya vijana, kuna hata beberu Ronge, mkaidi kweli, aliyepewa jina hilo na mtu asiyenipenda. Kijiji kizima kilikufa kule, kikaota huku kwenye vumbi la tembo. Bwana Dalgarno hakuzaa, lakini sidhani kuna mwenzake yeyote mwenye wajukuu wengi hivi.

Ila wajukuu hao si wa damu. Na wewe ukifika Aberdeen, ukabisha hodi kwa mtu mwenye jina letu ukamwambia, mimi ni damu yenu, utakuwa umesimama palepale niliposimama mimi na chai mkononi. Utakuwa unamshtaki nyanya yako tena, na safari hii kwa mdomo wenye jina lake mwenyewe. Nisingeweza kukuacha uende hivyo. Mate yako ni yako, utayatema utakapo. Mimi sihitaji kichupa. Mama aliniuliza kama ninaamini, na jibu ni kwamba nilimwamini yeye, siku zote, hata nilipokuwa napiga kelele za kasri. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Umechelewa kuzaliwa kidogo, lakini nani atalaumiwa.

Usiache kuwatafuta, lakini. Nimefikiri sana juu ya hilo leo, mpaka mteja mmoja amechukua baiskeli yake bila breki. Watafute. Ukimpata hata mmoja, mzee au kijana, mwambie hukuja kudai undugu. Mwambie kuna mtu wa jina lenu alisimama kwenye mvua akawa mlango, na mimi nimetumwa kuleta asante. Hakuna aliyemwandikia. Asante ile tumeibeba kwenye jina, tumeizalisha, tumeibatiza, tumezikwa nayo, na bado haijafika kwa mwenyewe. Na ukipata siku ya mapumziko, nenda pale penye makaburi na nyasi. Sema hodi. Kwetu hata wafu hubishiwa hodi.

Sasa imebaki ya kwangu. Nimesema ukitaja kwa uongo haitoki, na kesho nikiwa na maji mdomoni sitaweza kusema mengi, kwa hiyo nazitaja hapa.

Nina hasira na wewe kwa lile neno, watu wetu. Uliposema utakwenda kuwatafuta watu wetu, nilikuwa nimekaa mbele yako bila viatu. Nilijiuliza sisi ni watu wa nani.

Nina hasira nyingine, na hii ni ya aibu. Unakwenda kuosha wazee. Utamwinua mzee wa mtu kitandani, utampiga kitana, utamkata kucha za miguu, utamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha, na ataweza kukulalamikia. Miguu yangu mimi unaijua. Nimezoea kukuita ukaniangalia hiki kidole kinachovimba, ukasema "Baba, acha kukichokoa." Huko mzee wa mtu ataambiwa acha kukichokoa, kwa sauti hiyohiyo. Najua ni kazi. Najua ni kazi nzuri, na hapa uliitafuta mpaka viatu vikaisha, hukuipata. Hasira haijui kutafuta kazi. Imekaa tu hapo, inanuna kama mtoto aliyenyimwa kwenda harusini.

Na ya tatu sijaipata. Wazee walisema siku zote kuna moja imejificha. Nitaitafuta mpaka kesho.

Kwa hiyo asubuhi, masanduku yakiwa nje, mama yako ameshamaliza kulia mara ya kwanza na hajaanza ya pili, simama pale mlangoni, ukiangalia nje. Nitasimama mbele yako, nitasema maneno yangu, nitapuliza. Usicheke kabla sijamaliza. Baadaye cheka, mimi pia nitacheka, ndivyo tulivyoumbwa. Mchungaji akiuliza, mwambie mzee alikuwa anasukutua.

Usifute uso. Najua utakuwa umejipaka vitu vya bei, lakini acha, yakauke yenyewe njiani. Voi haijaona tone miezi yote hii, na pale steshoni watakushangaa. Wakikuuliza mbona umelowa, waambie umetoka nyumbani, na nyumbani kumenyesha.

Ni mimi baba yako,
Dalgarno, mtoto wa Mwakio